Bei ya ufundi iliyojificha kwenye vifaa

Januari ya Dar es Salaam hailaliki bila upepo. Mchana joto hupanda hadi nyuzi 32 au 33, na usiku ule unyevu wa bahari hubaki chumbani kama mgeni asiyetaka kuaga. Ndiyo maana mwaka juzi nilimnunulia mama pangaboi la kufunga chumbani kwake. Nyumba yake iko Temeke, nyumba ya kawaida ya bati na siling bodi, vyumba vitatu na sebule. Fundi alipatikana siku hiyohiyo kupitia kwa mwenye duka la jirani. Alitaja shilingi 25,000 za ufundi, nikamshusha mpaka 10,000, nikaondoka pale nikiamini nimemwokolea mama hela. Vifaa nilimwachia anunue mwenyewe. Akaniletea chenji na kikaratasi kilichoandikwa kwa mkono.

Pangaboi lilizunguka vizuri wiki tatu. Kisha likaanza kuyumba, kwanza kidogo, baadaye kwa kishindo kilichosikika hadi sebuleni. Mama hakuniambia. Alichofanya ni kukivuta kitanda mpaka kikagusa ukuta wa dirishani, akawa analala pembeni, nje ya duara la mapanga. Nilipokwenda kumsalimia Jumapili moja nikakuta kitanda kimehama, ndipo nikauliza. "Nilikuwa naliogopa, mwanangu," akasema, "lakini sikutaka uingie gharama nyingine."

Fundi wa pili, mtu wa makamo aliyeletwa na binamu yangu, hakuligusa pangaboi kwanza. Alizima umeme kwenye meinswichi, akapanda ngazi, akateremsha kile kikombe cha plastiki kinachoficha mahali pa kuning'inizia, akamulika kwa tochi, kisha akashuka na kuniambia nipande nione mwenyewe. Ndoano ilikuwa imeshikiliwa na skrubu mbili fupi kwenye blandaring, ile mbao ya mbili kwa mbili iliyowekwa pale kwa ajili ya kupigilia siling bodi tu. Skrubu moja ilikuwa imetoka nusu. Nyaya zilikuwa zimesokotwa kwa vidole na kuzungushiwa selotepu ya kawaida, ile ya kufungia madaftari ya shule. "Bosi," fundi akasema kutoka chini, "hili lilikuwa linakuja."

Njia rahisi ni kumlaani yule wa kwanza, na lawama anastahili, maana alijua alichokifanya. Lakini nikiirudia siku ile tangu mwanzo, naona kazi ilianza kuharibika pale tulipopatana bei, kabla hata ngazi haijasimamishwa. Ufundi tunaokataa kuulipia waziwazi tunaishia kuulipia kwa siri kupitia vifaa, na malipo ya siri humpa fundi faida kubwa zaidi kadiri kifaa kinavyokuwa kibovu. Hilo ndilo ninalotaka tulitazame, kwa sababu haliko kwenye mapangaboi peke yake. Liko kwenye bomba la jikoni, kwenye rangi ya ukuta, kwenye bati linalovuja.

Tuanze na kazi yenyewe, kwani wengi tunaopatana bei hatuijui. Pangaboi la kawaida la inchi 56 lina uzito wa kilo tano hadi saba. Uzito huo peke yake si tishio. Mfuko wa unga wa kilo tano unaweza kuning'inia kwenye msumari mwaka mzima. Tatizo ni mwendo. Pangaboi la ukubwa huo likizunguka mara 300 kwa dakika, ncha za mapanga yake hukata hewa kwa kasi inayokaribia kilomita 80 kwa saa, na kila mtetemo unapanda kwenye bomba lake hadi kwenye ndoano, usiku kucha, mwezi baada ya mwezi. Skrubu iliyoingia sentimita mbili kwenye mbao laini haina ubavu huo. Kwenye nyumba ya zege, ndoano ya chuma hufungwa kwenye nondo kabla zege halijamwagwa, au zege hutobolewa baadaye na kutiwa bolti za kujitanua. Kwenye nyumba ya bati, fundi anatakiwa apande darini, atafute kenchi, zile mbao kubwa zinazobeba paa, aweke mbao ya mbili kwa nne ikatize kati ya kenchi mbili, aifunge kwa bolti, kisha ndoano ishike hapo. Jipsam haibebi kitu, siling bodi haibebi kitu. Hizo ni pazia la kuficha kenchi.

Na darini kwenyewe ni wapi? Ni chini ya bati, saa saba mchana, mtu anatambaa juu ya mbao akihofia kutoboa dari kwa goti, vumbi la miaka kumi linamjaa kifuani. Anayetoka huko hutoka ameloa kama aliyemwagiwa ndoo. Ni kazi ya saa mbili hadi tatu, ya watu wawili, fundi na wa kumshikia ngazi. Bado kuna vipimo: mapanga yasishuke chini ya mita 2.1 kutoka sakafuni, na yaachane na dari kwa sentimita 30 hivi ili hewa ipate pa kuzungukia. Kwenye chumba cha watoto chenye kitanda cha deka, kipimo cha sakafuni hakina maana. Kinachohesabiwa ni pale anaposimama mtoto wa kitanda cha juu akinyoosha mkono.

Sasa weka ile 10,000 yangu kwenye kazi hiyo. Toa nauli za daladala za kwenda na kurudi, toa cha yule kijana wa ngazi, toa sahani ya wali maharage. Kinachobaki hakimfikishi mtu mwenye watoto jioni, na hakika hakinunui saa tatu za darini. Kinanunua dakika 40 na skrubu mbili.

Siku yake aliikamilisha kwingine, kwenye kile kikaratasi. Nilikuja kuligundua nilipokwenda Kariakoo kununua waya kwa ajili ya nyumba yangu. Bei aliyoniandikia ilikuwa ya waya wa shaba halisi. Alichokifunga ni waya wa aluminiamu uliofunikwa kwa utando wa shaba. Kwa macho vinafanana. Ukiukwaruza kwa kisu unaona weupe ndani. Aluminiamu hupitisha umeme kwa shida kuliko shaba, kwa hiyo waya wa unene uleule hupata moto zaidi, na kwenye maungio hulegea kadiri inavyopata joto na kupoa. Pangaboi la wati 75 halitauchosha sana waya huo. Lakini waya ukishakuwa ukutani hakuna anayekumbuka uliwekwa kwa ajili ya nini. Kesho mtu ataongeza soketi hapohapo, kesho kutwa atachomeka pasi.

Hapa ndipo neno "cha juu", ile hela fundi anayojiongezea kwenye bei ya vifaa, linapotuchanganya. Tunalitamka kama jina la wizi mdogo, na mwizi akiwa ni fundi. Kwa upande mmoja ni kweli, kwa sababu mteja hajaambiwa. Lakini ukiwasikiliza mafundi wenyewe wakizungumza kijiweni, cha juu ni mshahara. Ni ile 15,000 niliyoikata mlangoni ikarudi kupitia dirishani. Na haikurudi vilevile ilivyotoka. Hela ya ufundi inayolipwa waziwazi haina uhusiano na ubora wa waya: fundi anapata kilekile akifunga kizuri au kibaya, kwa hiyo heshima ya jina lake inapata nafasi ya kumwongoza. Hela inayolipwa kupitia vifaa inategemea tofauti kati ya bei aliyoiandika na bei aliyonunulia, na tofauti hiyo hukua pale tu kifaa kinaposhuka. Maana yake tunamweka mtu mahali ambapo kuwa mwaminifu kunamnyima chakula cha jioni. Wapo wanaobaki waaminifu hata hapo, nami nimewaona, lakini si haki kuijenga nyumba nzima juu ya uvumilivu wao.

Kuna jambo jingine linalompa fundi nguvu juu yetu, nalo ni kutojua kwetu. Mfano mzuri uko kwenye pangaboi hilohilo. Likianza kuzunguka polepole, au likawa haliondoki mpaka ulisukume kwa fimbo ya ufagio, mara nyingi aliyechoka ni kapasita, kidude kidogo cha bei ndogo kinachobadilishwa kwa dakika chache. Lakini mteja asiyejua akiambiwa "mota imeungua", ataamini na atanunua pangaboi jipya, na lile la zamani litaondoka begani mwa fundi, litatiwa kapasita, litauzwa. Mfano mwingine hauonekani kabisa. Swichi inapaswa kukata laivu, waya unaoleta umeme. Fundi mvivu akiikatisha nyutro, waya wa kuurudisha, badala yake, pangaboi litazima na kuwaka kama kawaida, na mwenye nyumba ataridhika. Ila likiwa limezima, umeme bado uko juu pale, unamsubiri atakayepanda kulifuta vumbi. Kama waya wa athi, ule wa kijani na njano, nao uliachwa ukining'inia bila kufungwa, hakuna cha kumwokoa. Mambo haya mawili mtu yeyote anaweza kumwomba fundi ayaonyeshe kwa bisibisi ya testa kabla hajakusanya vyombo vyake. Fundi mzuri hukasirika? Sijamwona. Wengi hufurahi kwamba kuna mtu anayetazama.

Kuhusu advansi, ugomvi wetu ni wa kila siku. Umempa fundi nusu, kaja siku moja, kapiga mstari wa penseli ukutani, katoweka. Simu inaita haipokewi. Ukimfuatilia unamkuta saiti nyingine, mtaa wa tatu. Nimewahi kukaa na seremala mmoja akanieleza bila kujificha namna mambo yanavyokwenda: hana mtaji, kwa hiyo advansi ya mteja wa pili ndiyo inayonunua mbao za mteja wa kwanza, ambaye hela yake fundi ameshaila kwenye kodi ya nyumba. Kila kazi anayoichukua ni kwa ajili ya kuimalizia iliyotangulia. Akikosa kazi mpya wiki mbili, mnyororo mzima unakatika na aliye mwishoni ndiye anayelia. Sisemi haya kumtetea aliyekula hela yako. Ninasema kwamba unapotoa advansi ya hela taslimu kwa mtu asiye na mtaji, unamkopesha, na mkopo huo hauna dhamana wala tarehe. Advansi ikiwa ni mbao zenyewe, zimeshushwa uani kwako, haiwezi kulipa kodi ya mtu mwingine.

Wanawake wanaosimamia nyumba peke yao hukutana na haya yote kwa uzito mara mbili. Dada yangu, anayeishi na wanawe wawili Mbagala, ameacha kupatana bei bila kumpigia simu kaka mmoja mbele ya fundi, kwa sababu akitaja bei mwenyewe fundi humuuliza, "Mzee yuko wapi nizungumze naye?" Huyo dada anafahamu bei za Kariakoo kuliko mimi. Anayemdharau mwenye nyumba kwa kuwa ni mwanamke hupatana vibaya na hufanya kazi vibaya, kwani mtu huyo ndiye atakayeishi chini ya pangaboi na ndiye anayejua chumba kinatumikaje. Hili mafundi wenyewe wanapaswa kulikemea kijiweni kwao.

Wapo watakaosema dawa ni leseni, tuachane na vishoka, mafundi wasio na leseni. Sheria zipo. Kwa Tanzania Bara, leseni za ufungaji umeme hutolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kwa madaraja yanayotofautiana kulingana na ukubwa wa kazi ambayo mtu anaruhusiwa kuifanya. Ukitaka TANESCO wakuunganishie umeme mara ya kwanza, lazima kazi yako ipite kwa mkandarasi mwenye leseni, naye agonge muhuri. Kenya nako EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, huwapa leseni mafundi umeme, na NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, huwapima mafundi kwa gredi. Naunga mkono yote hayo. Lakini utaratibu huu unaitazama nyumba siku inapozaliwa, na nyumba zetu hazijengwi siku moja. Tunaanza na chumba na sebule, tunahamia, tunaongeza kibaraza, tunaongeza chumba cha mpangaji, miaka mitano baadaye tunafunga pangaboi, kisha pampu ya maji. Muhuri uligongwa mwanzoni, juu ya nyaya ambazo leo ni nusu tu ya zilizomo ukutani. Hakuna anayekuja kukagua nyongeza, na hakuna mwenye nyumba atakayemtafuta mkandarasi mwenye ofisi mjini kwa ajili ya pangaboi moja. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Fundi wa mtaani ndiye atakayeitwa, leo na kesho.

Kwa hiyo kilicho muhimu ni kumfanya huyo wa mtaani awe bora na ajulikane kuwa ni bora. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa watu waliojifunzia kazini: fundi asiye na cheti anapimwa anachokijua, anajaziwa mapengo yake, anapewa cheti. Naamini huu ni mmoja kati ya mipango yenye faida zaidi kwa mwananchi wa kawaida, na hauzungumziwi vya kutosha. Yule fundi wa pili wa mama alijifunza kwa mjomba wake, miaka minane ya kubeba begi la vyombo, ndipo baadaye akaenda kupimwa. Aliniambia huko ndiko alikoelewa kwa nini swichi inakata laivu. Zamani alifanya tu kwa kuwa mjomba alifanya hivyo. Ningependa kuona ofisi ya serikali ya mtaa ina ubao wenye majina ya mafundi wa mtaa ule, wenye vyeti na leseni zao, umeme, bomba, useremala, uashi. Ubao na chaki havihitaji bajeti ya wizara.

Lugha yetu inalijua hili tangu zamani. Fundi, funda, fundisha, mwanafunzi: ni neno moja limevaa nguo tofauti. Mtu huyu tulimwita kwa jina la elimu, kisha tukafika mahali pa kumlipa kwa kukadiria jasho lililoonekana. "Dakika kumi tu hizo, unataka elfu ishirini?" Nimeisema sentensi hiyo mwenyewe, nikiwa sijahesabu miaka minane ya begi.

Hivi sasa ninafanya hivi, na sijadhulumiwa tena kwa namna ile. Namwita fundi aje aione kazi kwanza, na namlipa nauli ya kuja hata kama hatutaelewana. Namwomba aniorodheshee vifaa kwa jina, kipimo na idadi, bila bei. Tunakwenda dukani pamoja, au napiga simu kwa mwenye duka na kumlipa mimi mwenyewe kwa Lipa Namba, na risiti inabaki kwangu. Kisha, na hapa ndipo wengi wanaharibu, simpunguzi fundi hela ya ufundi kana kwamba bado ana cha juu cha kujazia. Nikishamfungia mlango wa vifaa lazima nifungue wa ufundi, la sivyo nitakuwa nimemnyima mkate kutoka pande zote mbili, na kazi itakayofuata itafanana na hasira yake. Tunaandika kwenye daftari kazi gani, hela gani, lini, tunatia sahihi wote wawili, hata kama ni bomba la jikoni. Mkataba wa mdomo sheria inautambua, lakini mdomo husahau na daftari hubaki. Sehemu ya ufundi, robo hivi, hulipwa baada ya wiki moja ya kitu kutumika.

Undugu hufanya haya yawe magumu. Fundi akiwa mtoto wa shangazi, kumtolea daftari kunaonekana kama kumtukana. Nimeona familia zikinuniana mwaka mzima kwa ajili ya vigae. Ushauri wangu ni kwamba ndugu ndiye anayehitaji daftari kuliko wote, kwa sababu mgeni tukigombana naye tutaachana, ila ndugu tutakutana naye msibani.

Fundi wa pili alitaja 35,000 kwa ajili ya lile pangaboi la mama. Sikumpunguza. Tulikwenda naye duka la vifaa tukanunua mbao ya mbili kwa nne, bolti nne, waya na boksi la kuungia, akapanda darini asubuhi mapema kabla bati halijapata moto. Aliyashusha mapanga yote matatu akayalinganisha uzito kwa mikono, akakuta moja lilikuwa limepindika, akalinyoosha taratibu juu ya goti, akapima tena, na tena. Alipomaliza nilimpa 25,000, kama tulivyoandika. Aliniambia nati hulegea kidogo zikishaonja mtetemo wa siku za mwanzo.

Jumamosi iliyofuata alikuja bila kupigiwa simu. Alizima umeme, akapanda, akakaza nati robo mzunguko, akashuka, nikampa 10,000 yake. Mama alimwekea chai na vitumbua. Kitanda alikuwa ameshakirudisha katikati ya chumba tangu Jumatano.